Majani ya Ireland hayakuoteshwa na ruzuku

Desemba 2025 matrekta yaliziba barabara za Brussels. Viazi vilirushwa, matairi yakachomwa karibu na Bunge la Ulaya, askari wakajibu kwa mabomu ya machozi. Wakulima walikuja na hasira mbili. Ya kwanza ni mkataba wa biashara na nchi za Mercosur za Amerika Kusini, unaofungua mlango kwa tani 99,000 za nyama ya ng'ombe kwa ushuru mdogo. Hiyo haihitaji mchambuzi. Nyama ya Brazil ni ya bei rahisi, basi. Ya pili ni bajeti ya Umoja wa Ulaya ya miaka 2028 hadi 2034, na hapo ndipo naona watu wanazungumza wakipishana, hasa Ireland, nchi ambayo ng'ombe ni siasa kama ilivyo mahindi kwetu.

Kwa ufupi ni hivi. Julai 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kwamba fungu la kilimo, ambalo limesimama peke yake tangu 1962 kwa jina la Sera ya Pamoja ya Kilimo, yaani CAP, sasa liingie kwenye mfuko mmoja wa kila nchi, likae chungu kimoja na fedha za kuinua mikoa iliyobaki nyuma. Ndani ya mfuko huo, karibu euro bilioni 300 zimewekewa uzio kwa ajili ya kipato cha wakulima wa Ulaya nzima. Bajeti inayoendelea, ya 2021 hadi 2027, ina euro bilioni 387 hivi. Vyama vya wakulima vikapiga hesabu, vikasema ni punguzo la zaidi ya asilimia 20 kabla hata mfumuko wa bei haujaguswa. Kamishna wa Kilimo, Christophe Hansen wa Luxembourg, akajibu kwamba bilioni 300 ni sakafu, siyo dari, na kila serikali inaweza kuongeza kutoka kwenye mfuko wake. Tangu hapo mjadala wa Dublin umekuwa wa swali moja tu: ni kiasi gani?

Mimi nasema hilo ni swali la pili. Kwamba fedha za umma ndizo zilizokifikisha kilimo cha Ireland hapa kilipo, sibishi. Ila fedha zilizokipa makali sokoni na fedha zinazomfanya mkulima asifunge shamba ni fedha mbili tofauti, kila moja ina historia yake, na sehemu kubwa ya kelele za sasa inazitetea zile za pili kwa jina la zile za kwanza. Ukichanganya hizo mbili unaweza kushinda vita ya bajeti na bado ukakuta, mwaka 2034, wakulima wamezeeka zaidi, mito imechafuka zaidi, na siagi yako haina cha kuitofautisha na ya mwingine.

Serikali kutia mkono kwenye shamba la Mwaireland hakukuanza na Ulaya. Mwaka 1879 wapangaji wa mashamba kule Mayo walianzisha umoja wao wa ardhi dhidi ya makabaila, na mwaka uliofuata wakamtenga msimamizi mmoja wa mashamba aliyeitwa Kapteni Boycott mpaka jina lake likawa kitenzi cha Kiingereza cha kususia. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Ireland wakati huo, ilizima moto huo kwa hela. Sheria ya ardhi ya 1903 iliwakopesha wapangaji fedha za hazina wanunue mashamba kutoka kwa mabwana zao, walipe kidogo kidogo kwa miongo. Nchi ya wapangaji ikageuka nchi ya wenye vishamba. Deni hilo ndilo Éamon de Valera aliloligomea mwaka 1932 alipoingia madarakani. Uingereza ikajibu kwa kuwatoza ushuru ng'ombe wa Ireland, soko likafungwa, na kufikia 1934 serikali ya Dublin ilikuwa inawalipa wakulima wachinje ndama, malipo yakitolewa kwa ngozi itakayowasilishwa. Ruzuku ya kuua mifugo. Naitaja kwa sababu wazee wa vijijini wamerithi simulizi hiyo, na mtu aliyelelewa nayo akisikia neno bajeti anakumbatia hati ya shamba kwanza ndipo anauliza maswali.

Ireland iliingia Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973, pamoja na Uingereza na Denmark. Kwa mkulima ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi: bei za uhakika, zilizolindwa na ushuru mkubwa mpakani. Ulaya ilinunua kila siagi isiyo na mnunuzi, ikaijaza kwenye maghala ya baridi. Kiwanda hakikuwa na haja ya kujiuliza mteja wa Ujerumani anapenda nini, kwa kuwa mteja wa mwisho alikuwa ghala. Milima ya siagi ilipozidi, mwaka 1984 ukawekwa ukomo wa maziwa ambayo kila nchi inaruhusiwa kuzalisha. Mwaka 1992 kamishna wa kilimo, naye akiwa Mwaireland, Ray MacSharry wa Sligo, akapunguza bei zilizolindwa na badala yake akaanza kumlipa mkulima moja kwa moja kwa hekta na kwa kichwa cha mnyama. Kisha mwaka 2005 Ireland ikakata kamba yote: malipo yakatenganishwa na uzalishaji, yakakokotolewa kwa kuangalia mkulima alikuwa na nini kati ya 2000 na 2002. Maana yake mtu aliyekuwa na maksai wengi mwaka 2001 aliendelea kulipwa vizuri kwa miaka mingi, hata kama zizi lake sasa lina buibui tu. Marekebisho yamekuwa yakisogeza malipo hayo karibu na wastani wa nchi, na lengo ni kwamba kufikia 2026 asiwepo anayepokea chini ya asilimia 85 ya wastani huo kwa hekta. Hata hivyo, kwa karibu robo karne, sehemu kubwa ya fedha hii imekuwa kumbukumbu ya jana, na kumbukumbu haimwongezei mtu tija.

Sasa historia ya pili, ambayo haichomewi matairi. Mwaka 1958 Ireland ilianzisha taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, mama wa ile inayoitwa leo Teagasc, kwa fedha zilizotokana na msaada wa Marekani wa Mpango wa Marshall. Kituo chake cha maziwa kiko Moorepark, nje kidogo ya mji wa Fermoy, kaunti ya Cork. Kazi iliyofanyika pale kwa zaidi ya nusu karne ni ya kuchosha ukiisimulia: kupima majani. Majani yanaota lini, kwa kasi gani, ng'ombe aingizwe yakiwa na urefu gani na atolewe yakibaki kiasi gani, ndama wazaliwe wiki ipi ili njaa ya mama yake ikutane na majani ya kwanza ya Machi. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya kilimo ya Ireland ni malisho, mvua haikatiki, baridi si kali. Majani ya kula palepale shambani ndiyo chakula cha ng'ombe cha bei ya chini kuliko chochote cha gunia, na kila tani ya nyasi inayoliwa badala ya kuozea pale ni gharama iliyookolewa. Juu ya hayo, tangu 2001 wana kipimo cha kitaifa cha kuchagua mbegu za madume kwa faida watakayoleta binti zao, siyo kwa ukubwa wa kiwele kinachopendeza kwenye maonyesho.

Machi mmoja nilipita maeneo yale ya Fermoy, nikamfuata mkulima wa miaka arobaini na kitu akifanya ukaguzi wake wa Jumatatu. Mkononi ana fimbo ya chuma yenye kisahani chini. Anatembea kitalu hadi kitalu, kila hatua chache anaibonyeza fimbo chini, kisahani kinapanda juu ya nyasi, kidude kinahesabu: tak, tak, tak. Mwisho wa kitalu anaingiza namba kwenye simu. Sentimeta tisa, ng'ombe wanaingia kesho. Zikibaki nne, wanatoka, waya wa umeme unasogezwa. Zaidi ya kumi, aliniambia akikunja uso, "hapo nimechelewa, watachagua kama watoto." Nilimuuliza hundi ya Ulaya inaingia mwezi gani. Alifikiri kidogo. Mke wake ndiye aliyejua.

Nadhani mtu huyo anaeleza mambo kuliko takwimu nyingi. Mwaka 2015, ukomo wa maziwa ulipoondolewa, Ireland ilikuwa inazalisha lita bilioni tano na nusu hivi kwa mwaka. Ndani ya muda mfupi ikapita bilioni nane. Hakuna ruzuku mpya iliyosababisha mruko huo. Kizuizi kiliondolewa, na nyuma ya kizuizi yalikuwapo maarifa yaliyolundikana tangu 1958, viwanda vya ushirika vilivyo mali ya wakulima wenyewe, na chapa moja ya siagi, Kerrygold, iliyozinduliwa 1962 na bodi ya maziwa ya taifa, ambayo leo ni ya pili kwa mauzo katika maduka ya Marekani. Serikali ilihusika kila hatua, lakini katika utafiti, ushauri, kumbukumbu za uzazi wa mifugo, masoko. Hilo ndilo fungu lililotoa makali, na ndilo dogo kuliko yote. Ukilipunguza, hakuna atakayeleta trekta barabarani.

Upande wa pili wa uwanja uko hivi. Utafiti wa kila mwaka wa Teagasc kuhusu mashamba unaonyesha kwamba mwaka 2022, bei ya maziwa ilipokuwa juu, shamba la kawaida la maziwa lilipata wastani wa zaidi ya euro 150,000. Mwaka 2023 bei ikaanguka na mvua ikaharibu msimu, wastani ukashuka chini ya 50,000. Kwa mfugaji wa ng'ombe mama wanaonyonyesha ndama wa nyama, wastani wa 2023 ulikuwa chini ya euro 10,000 kwa mwaka mzima, na malipo ya serikali yanazidi kipato chenyewe. Yaani ukiyaondoa, mtu amefanya kazi mwaka mzima kwa hasara. Ng'ombe mama wa aina hiyo walikuwa zaidi ya milioni moja miaka kumi na tano iliyopita, sasa hawafiki 800,000. Mwaka 2025 bei ya nyama ilipaa, ikapita euro saba kwa kilo, na baadhi wakapumua. Ila bei hiyo ilipanda kwa sababu ng'ombe wameadimika.

Kwa hiyo hoja ya wanaotetea hundi ina nguvu, na haifai kuichezea. Wanasema kwanza: soko la maziwa linapanda na kushuka vibaya mno, na hundi ndiyo kitu pekee ambacho benki inaweza kukitegemea inapotoa mkopo. Kweli. Wanasema pili: washindani wetu ndani ya Ulaya wanapokea, Marekani inawalipa wakulima wake, sisi tukijifanya watakatifu tutabaki peke yetu. Kweli pia. Wanasema tatu: kule magharibi, Leitrim, Mayo, Donegal, kwenye udongo mzito usiopitisha maji, shamba ndilo linalobakiza shule wazi na timu ya mpira kuwa na vijana kumi na watano. Hii ya tatu ndiyo naiheshimu zaidi, na ndiyo yenye ukweli mchungu ndani yake, kwa sababu haina uhusiano wowote na ushindani. Ni sera ya jamii. Taifa lina haki ya kulipia vijiji vyake viwe hai, mradi liseme hivyo, lisivalishe malipo hayo joho la kuuza siagi Chicago.

Wanaotaka ruzuku yote ifutwe huwa na mfano mmoja mfukoni: New Zealand. Mwaka 1984 serikali mpya iliondoa karibu kila msaada wa kilimo kwa mpigo, na wakulima waliong'oka mashambani walikuwa wachache kuliko ilivyohofiwa. Leo nchi hiyo ni bingwa wa kuuza maziwa nje, nayo inalisha majani kama Ireland. Mfano ni wa kweli, ila husimuliwa nusu. New Zealand ina sarafu yake: mwaka 1984 iliishusha thamani, na mwaka 1985 ikaiachia ielee sokoni. Thamani iliposhuka, muuza nje akapata nafuu. Ireland inatumia euro, na Benki Kuu ya Ulaya kule Frankfurt haitaishusha thamani kwa ajili ya wafugaji wa Roscommon. Kondoo wa New Zealand walikuwa milioni 70 mwanzoni mwa miaka ya 1980, leo hawafiki milioni 25. Mabonde waliyokuwa wakilisha mengi ni misitu ya misonobari au ng'ombe wa maziwa. Na maziwa hayo yamekuja na bili: katika jimbo la Canterbury naitreti kwenye visima vya maji ya kunywa ni jambo la kupigiwa kura. Nakubali kwamba kilimo kinaweza kuishi bila ruzuku. Kitakuwa kilimo kingine tu, cha watu wengine.

Hoja dhaifu kuliko zote, kwa maoni yangu, ndiyo inayozidi kupata wafuasi Dublin: kwamba hata Brussels ikipunguza, Ireland ni tajiri, itajaza pengo yenyewe. Juu juu inavutia. Nchi hii sasa inachangia Umoja wa Ulaya zaidi ya inavyopokea. Septemba 2024 mahakama ya Ulaya iliilazimisha ipokee zaidi ya euro bilioni 13 za kodi kutoka Apple, fedha ambazo yenyewe ilikuwa imepigania isizipate. Tayari katika mpango wa CAP wa 2023 hadi 2027, wenye thamani ya euro bilioni 9.8, zaidi ya bilioni mbili zinatoka hazina ya Dublin. Kwa nini isiongeze? Kwa sababu mbili. Hazina hiyo imejengwa juu ya kodi ya makampuni, na zaidi ya nusu ya kodi hiyo hulipwa na makampuni kumi, mengi yakiwa ya Kimarekani, ambayo Washington inataka yarudi nyumbani. Huwezi kuandika mkataba wa miaka saba na mfugaji wa Leitrim kwa fedha zinazosubiri uamuzi wa bodi ya kampuni California. Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Kila nchi ikiruhusiwa kuwajaza wakulima wake kadiri ya mfuko wake, mashindano yanahamia kwenye ukubwa wa hazina. Vita vya Ukraine vilipoanza na masharti ya misaada ya serikali yakalegezwa, Ujerumani na Ufaransa zilichukua karibu robo tatu ya misaada iliyoidhinishwa. Nchi ndogo inayouza nje karibu asilimia 90 ya maziwa na nyama yake ndiyo ya mwisho kutakiwa kushangilia mchezo huo. Serikali ya Ireland inayosema "tutajaza pengo" inaibomoa kwa mdomo wake hoja yake bora zaidi mezani: kwamba sera ya kilimo ibaki ya pamoja.

Sasa niende kwenye kipengele ambacho magazeti yamekipa aya mbili na mimi ningekipa ukurasa. Pendekezo la Tume linataka, ifikapo 2032, mkulima anayepokea pensheni asiendelee kulipwa msaada wa kipato kwa hekta. Ireland imepiga yowe. Sensa ya kilimo ya 2020 ilihesabu mashamba 135,037, wastani wa hekta 33 hivi. Theluthi moja ya wenye mashamba walikuwa na miaka 65 au zaidi, na walio chini ya miaka 35 hawakufika asilimia saba. Kwa hiyo kipengele hiki kinagusa watu wengi kuliko lile dari la euro 100,000 kwa shamba linalotajwa sana kwenye habari. Kwa mwenye hekta 33, dari hilo ni la kusikia redioni.

Tume inadhani mzee akikatiwa malipo ataachia shamba. Sidhani. Anayedhani hivyo hajaelewa kwamba kwa mjukuu wa mtu aliyenunua shamba kwa mkopo wa 1903, ardhi ni ukoo uliolazwa chini. Ardhi inayouzwa sokoni Ireland kwa mwaka haifiki asilimia moja ya yote. Iliyobaki inarithiwa au inakodishwa. Mzee hatauza. Atapunguza ng'ombe, ataikodisha kwa mkataba wa miezi kumi na moja kama ilivyo desturi, na mpangaji wa miezi kumi na moja haweki chokaa, hapandi klova ya kurutubisha udongo, hajengi bwawa la samadi, maana hajui mwakani atakuwa wapi. Wakati huohuo kanuni ya kodi ya urithi inampunguzia mrithi wa shamba thamani inayotozwa kwa asilimia 90, jambo la busara kwa familia ndogo, ila linamfanya kila mwenye hela atamani kuwa na shamba. Na malipo ya hekta yenyewe yanaingia kwenye kodi ya pango: mwenye ardhi anajua mpangaji atapokea nini, anaongeza bei. Kijana anayeanza bila baba mwenye shamba analipa ruzuku ya mwenzake.

Kilichofanya kazi kwa kiasi ni kitu kidogo cha wizara ya fedha. Mwenye ardhi akimkodisha mtu asiye ndugu wa karibu kwa mkataba wa miaka mitano au zaidi, pango halikatwi kodi ya mapato hadi kiwango fulani: euro 18,000 kwa mwaka kwa mkataba mfupi kati ya hiyo, 40,000 kwa mkataba wa miaka kumi na tano. Mikataba mirefu imeongezeka. Wawekezaji nao wakanusa, wakaanza kununua mashamba kwa ajili ya msamaha huo, na tangu 2024 mnunuzi anatakiwa awe amemiliki kwa miaka saba kwanza. Ona hapo: hakuna mzee aliyenyang'anywa, hakuna aliyetukanwa kwamba ni mvivu wa kwenye sofa, na kijana amepata miaka kumi na tano ya kuweka chokaa. Ningekuwa mshauri wa waziri, ningekubali umri wa kukoma malipo ya hekta, kwa sharti kwamba aliyekodisha kwa muda mrefu aendelee kupata kitu mpaka mwisho wa maisha yake.

Maji ni jambo jingine ambalo halipewi uzito unaostahili. Ili kulinda mito, sheria ya Ulaya inaruhusu kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, na hicho ndicho kikomo cha idadi ya ng'ombe. Ireland ina ruhusa maalumu ya kufika 250, na tangu Januari 2024 katika maeneo mengi imeshushwa hadi 220. Wanaoitumia ni karibu mashamba 7,000, lakini ndiyo yanayobeba tasnia ya maziwa. Ruhusa hiyo iliongezwa Desemba 2025 hadi mwisho wa 2028. Karibu nusu ya mito, maziwa na milango ya bahari ya nchi haiko katika hali nzuri kiikolojia. Mimi nauliza tu: siagi ambayo karatasi yake ya dhahabu ina ng'ombe akilisha majani, itauzwa kwa bei ya juu mpaka lini ikiwa mto ulio nyuma ya ng'ombe huyo umejaa mwani? Serikali inachangia ujenzi wa mabwawa ya samadi, asilimia 40 kwa kawaida na 60 kwa vijana na baadhi ya kazi za kulinda maji. Hizo ni fedha za ushindani kabisa, hata kama zinaitwa za mazingira. Lakini mpango mkuu wa mazingira, ACRES, ulichelewesha malipo ya maelfu ya wakulima mwaka 2024 kwa sababu kompyuta za serikali hazikuwa tayari, na mtu akicheleweshewa mara moja malipo ya kulinda ua wa miti, mwakani anauangalia ua ule kwa jicho la shoka.

Msomaji wa Arusha au Eldoret anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Kidogo, tofauti na inavyodhaniwa. Zamani Ulaya ilikuwa inalipa hadi nauli ya kutupa maziwa ya ziada nje. Ruzuku hizo za kuuza nje zilikubaliwa kufutwa Nairobi, kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani wa Desemba 2015. Unga wa maziwa uliochanganywa na mafuta ya mimea kutoka Ireland unakwenda sana Afrika Magharibi, Nigeria na Senegal. Kwetu ushuru wa Afrika Mashariki wa asilimia 60 kwa maziwa unauzuia mlangoni. Cha kuiga kutoka Fermoy kingekuwa kile kisahani kwenye fimbo, na bwana shamba anayelipwa mshahara kila mwezi aje kukisoma.

Nusu ya pili ya 2026 kiti cha uenyekiti wa Baraza la Umoja wa Ulaya ni zamu ya Ireland, yaani ndiyo itakayoongoza kikao wakati bajeti hii inachongwa. Mwenyekiti haruhusiwi kuvutia kwake waziwazi, na pengine hiyo ni bahati, maana inailazimu Dublin kuacha kupigania namba na kupigania muundo: uzio wa kilimo ubaki wa pamoja, nchi tajiri ziwekewe kikomo cha kuongeza, malipo ya jamii kwa maeneo magumu yaitwe kwa jina lake na yasiombwe radhi, na fungu la utafiti, ushauri na mikataba mirefu ya ardhi liwekewe uzio wake kama lilivyowekewa lile la hundi. Vyama vya wakulima havitapenda. Wanachama wao wengi ni wale theluthi moja wenye miaka 65 au zaidi.

Kalenda ina mzaha wake. Bajeti mpya inaanza Januari 2028, na ruhusa ya naitrojeni inakwisha Desemba ya mwaka uleule. Kijana atakayesaini mkataba wa miaka kumi na tano mwaka huo atakuwa anajua hundi yake ya saba ni kiasi gani, na hajui kama mwaka wa pili ataruhusiwa kubaki na idadi ya ng'ombe aliowakopea.